Kilo za kreti: kisa cha mpimaji wa samaki Malindi

Ile kreti ya buluu, tupu, imeoshwa na kuanikwa, ilikuwa na uzito wa kilo 1.8. Namba hiyo nitaitaja mara nyingi kuliko nitakavyomtaja shetani, maana katika kisa hiki shetani alikuwa na kazi ndogo sana. Kazi kubwa ilifanywa na kalamu.

Mwenye kisa ni kijana wa kanisani kwetu, shemasi na baba wa watoto wawili. Nimemjua tangu akiimba kwaya ya watoto. Ameniruhusu kuandika, bora nisitaje jina lake wala banda alilofanyia kazi, kwa hiyo nitamwita Mpimaji. Kazi yake ndiyo hiyo: kusimama ufuoni pale Malindi kwenye banda la tajiri mmoja, kupima samaki vyombo vinaporudi, kuandika kilo katika daftari la nakala mbili, na kumpa mvuvi karatasi yake akachukue fedha.

Msomaji wa bara akisikia tajiri ataona mtu mwenye mali tu. Kwetu, kwenye uvuvi, tajiri ni kama cheo. Yeye hutoa nyavu, hukopesha mashine ya boti, na upepo wa kusi ukichafua bahari watu wasitoke ndiye anayempa mvuvi fedha za unga na ada ya shule. Naye hulipwa kwa kuuziwa samaki wako, kwa bei yake na kwenye mizani yake. Mvuvi mwenye deni hana ubavu wa kubeba samaki wake akawapeleka banda la pili. Kwa hiyo anayesimama kwenye mizani ya tajiri anasimama mahali ambapo upande mmoja hauwezi kuondoka. Hilo lishike, maana mizaha mingi ya biashara huvumilika pale tu ambapo mtu anaweza kusema "sitaki" akaenda zake.

Alipoanza kazi, aliyemtangulia alimfunza kwa dakika mbili: soma mshale, toa 3, andika. Kilo 3 hizo ziliitwa kilo za kreti. Ukiuliza, utaambiwa ndani yake mna kreti yenyewe, maji, barafu na ule utelezi wa samaki. Hakuna aliyeuliza. Mwisho wa mwezi, juu ya mshahara, tajiri alimwongezea shilingi 1,500 akiziita "za mizani". Kijana wetu alizipokea akidhani ni shukrani ya kuwahi kazini alfajiri, akazitolea na fungu la kumi. Miezi 14 ikapita hivyo.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Februari, kaskazi bado inatoa samaki. Mzee mmoja wa Kibajuni, mwenye mtumbwi na mshipi, si nyavu, alileta changu na tafi wachache. Mshale ukasimama kwenye 7. Mpimaji akatoa 3, akaandika 4, kwa shilingi 250 kilo. Mzee akapewa 1,000, akaitazama ile karatasi kidogo kuliko kawaida, akaondoka.

Saa nne mpishi wa hoteli akaja kununua. Karani wa mauzo alikuwa mgonjwa, tajiri akamwambia Mpimaji ashike nafasi yake. "Lakini kwa hoteli toa 1.8," akasema. "Yule mpishi hukagua." Na kweli mpishi hakupoteza muda: akaomba kreti tupu, akaitundika mwenyewe, akautazama mshale, akatikisa kichwa kuridhika. 1.8. Kreti ni ile ile iliyombeba changu wa mzee asubuhi, ingali na magamba yake pembeni.

Jioni alikuja kwangu na hesabu nyuma ya karatasi ya risiti. Mzee alikuwa na kilo 5.2 za samaki. Alilipwa 4. Amepunjwa kilo 1.2, karibu robo ya alichovua. Kisha akanionyesha hesabu ya chombo kikubwa cha nyavu: kreti iliyojaa kilo 40 hupunjwa kilo 1.2 hiyo hiyo, ambayo ni asilimia 3. "Mzee wangu," akaniambia, "mwenye samaki wachache ndiye tunayemkata zaidi."

Sikuwahi kuiona hivyo, nami nimeishi na harufu ya samaki miaka yote. Tunapenda kusema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni kipimo, vinne hufanya pishi. Methali haisemi kibaba ni cha nani.

Niseme wazi nilichomjibu, kwa sababu kosa la kwanza katika kisa hiki baada ya kugunduliwa ni langu. Nilimpa aya. Sisi wazee wa kanisa hatukosi aya. Nilimpa Waefeso 6, watumwa watiini bwana zenu, nikamwambia dhambi ni ya mwenye banda, yeye ameajiriwa tu, na watoto wanataka kula. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Lakini aliyeandika 4 ni mkono huu." Nikamshauri aombe. Ni jibu la mtu anayetaka mgeni aondoke.

Mchungaji, kwa upande wake, alimwambia aache kazi siku ile ile. Ushauri wake unasikika mtakatifu kuliko wangu, na kwa muda wote walioujua waliusifu. Mimi leo nauona na upungufu wake. Angeondoka, kesho yake angesimama kijana mwingine, angefunzwa kwa dakika mbili, na mzee wa mtumbwi angeendelea kuondoka na 4. Mikono ya shemasi ingekuwa safi. Mfuko wa mzee ungebaki vile vile. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji wakamuuliza wafanye nini, katika Luka 3, hakuwaambia waiache forodha. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Na ile ilikuwa kazi iliyooza kuliko banda la samaki, mbele ya mlango wa dola ya Kirumi.

Tulikaa wazee wanne, mchungaji na kijana mwenyewe. Mmoja wetu, mwalimu mstaafu, alileta habari ya Naamani katika 2 Wafalme 5, yule jemadari wa Shamu aliyeomba asamehewe kwa kuwa bwana wake huegemea mkono wake akiingia nyumba ya mungu wao Rimoni, naye hulazimika kuinama. Elisha akamwambia aende kwa amani. Mwalimu akauliza: je, huyu naye si mkono unaoegemewa? Swali zuri, tulilizungusha karibu saa nzima. Lililonitosheleza mimi ni hili: Naamani akiinama, hakuna anayelala njaa. Kuinama kwake kulikuwa baina yake na Mungu, na Mungu ana uhuru wa kusamehe la kwake. Kilo 1.2 ilikuwa na mwenyewe.

Nami nikapekua tena zile aya za mizani, ambazo nakiri nilikuwa nazisoma kama mambo ya kale. Walawi 19 inataka mizani za haki, mawe ya kupimia ya haki, efa ya haki na hini ya haki. Efa ilikuwa kipimo cha nafaka, hini cha vitu vya majimaji kama mafuta na divai, na shekeli ilikuwa uzito, kwa kuwa fedha ilipimwa vipande kwa mizani kabla watu hawajazoea sarafu. Mfanyabiashara alitembea na mawe yake mfukoni. Kumbukumbu la Torati 25:13 inamkataza kuwa na mawe ya namna mbili, kubwa na dogo: zito la kununulia, jepesi la kuuzia. Amosi naye anawakemea waliopunguza efa na kuiongeza shekeli, maana yake unampa mtu nafaka pungufu kwa kipimo kidogo halafu unadai fedha yake kwa jiwe zito. Sasa rudi bandani. 3 alfajiri kwa mvuvi, 1.8 saa nne kwa hoteli. Tulikuwa na mawe mawili, ila yetu yaliandikwa kwa kalamu.

Jambo moja la kisheria linafaa kutajwa, maana mwalimu alilishikilia kama ngao. Kenya ina Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, na mizani ya biashara hukaguliwa na kupigwa muhuri. Ya banda hili ilikuwa na muhuri wake, halali kabisa. Mizani ilisema kweli kila siku ya Mungu. Uongo uliingia baada ya mizani kumaliza kusema, katika nafasi ile ya jicho kutoka kwenye mshale na kushuka kwenye daftari. Mkaguzi angeweza kuja kila wiki asione kitu, ila akisimama pale akahesabu kwa mdomo.

Na maji je? Haki ni haki hata kwa tajiri, kwa hiyo kijana aliyajaribu. Alichukua samaki wenye barafu, akawapima, akawaacha wachuruzike kwenye kreti yenye matundu kwa muda wa kuvuta sigara moja (si yeye anayevuta), akawapima tena. Tofauti ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo, mbali sana na kilo 1.2. Na samaki wa mtumbwi hawana barafu. Hoja ya maji ilikufa hapo.

Katika kikao kile hatukuwa na maneno, na hilo ndilo lililonisumbua kuliko yote. Angekuja shemasi amekutwa kilabuni, tungejua la kusema kabla hajaketi. Zinaa tuna utaratibu wake: vikao, muda wa kutengwa, maombi ya kurejeshwa. Hubiri la mizani sikumbuki lini nililisikia mara ya mwisho, na huu ni mji ambao nusu ya waumini wetu hupima kitu kila siku: nyanya, korosho, mkaa, nguo kwa mita, mafuta ya taa kwa kibati. Tumewafunza watu kuwa wenye haki kuanzia saa moja jioni.

Kijana, akiwa hajaamua, alimwendea yule mzee wa Kibajuni nyumbani kwake Shela. Mimi nisingethubutu. Sisi Wakristo hapa tuna historia ndefu ya kutazamwa. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498 na nguzo yenye msalaba ingali inatazama bahari. Wengi wa kwanza kuleta msalaba huu walikuja na biashara mkono wa pili. Na karibu zaidi, tangu 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja katika msitu wa Shakahola, humu humu kaunti ya Kilifi, mtu mwenye Biblia kwapani hutazamwa miguu kwanza. Sasa shemasi anabisha hodi kwa mzee Mwislamu kumwambia, nimekuwa nikikupunja.

Mzee alimkaribisha barazani, akamwagizia kahawa. Alipomaliza kueleza, mzee akasema alijua tangu zamani. Nyumbani ana mizani ya mkono ya mkewe, mama karanga, anayekaanga samaki jioni. "Nilikuwa nangoja nione kama na wewe unajua," akasema. Kisha akamsomea mwanzo wa Sura ya 83 ya Kurani, ole wao wapunjao, wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kutimiziwa, na wao wakiwapimia watu hupunguza. "Mwanangu, hii si ya Waislamu peke yao. Nyinyi hamnayo?" Kijana akamwambia tunayo. Mzee akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa mbona?"

Hakuna kati yetu wanne aliyewahi kuuliza vizuri kuliko hivyo.

Kesho yake alfajiri Mpimaji hakumwendea tajiri kwa hotuba. Alisubiri watu wapungue, akamwomba dakika moja nyuma ya banda, asimwaibishe mbele ya wavuvi wake. Nalipenda hilo, Mathayo 18 inaanza na wewe na yeye peke yenu. Akamwambia: mimi nataka kubaki, lakini nitaandika kreti kama ilivyo, na zile 1,500 usinipe tena. Tajiri alikasirika, kisha akaeleza, na maelezo yake hayakuwa ya mtu mwovu. Barafu ni ghali. Samaki wengine huharibika kabla ya gari la Mombasa kufika. Mikopo ya kusi mingine hairudi, wavuvi hurejea kwao Pemba na deni. "Kilo hizo ndizo zinazonibeba," akasema. Namwamini. Gharama zake zilikuwa za kweli. Lakini gharama ya kweli unaweza kuitaja kwenye bei, mbele ya mtu, akakubali au akalalamika. Hii ilifichwa ndani ya kreti, mahali ambapo mlalamikaji hana pa kushika.

Siku 3 kijana aliwekwa kupasua barafu. Siku ya 4 akarudishwa kwenye mizani, nadhani kwa sababu wavuvi walikuwa wameanza kuulizana. Tajiri akakubali 1.8. Na papo hapo akashusha bei: kutoka 250 hadi 240 kwa kilo.

Hapa ndipo wengi waliosimuliwa kisa hiki hukunja uso, maana walitaka mwisho wa shangwe. Wavuvi wa vyombo vikubwa walimjia juu. Nahodha mmoja alimwambia mbele za watu, "Ulokole wako umetupunguzia bei." Na kwa hesabu yake hakukosea: kreti ya kilo 40 zamani ilimpa 9,700, sasa inampa 9,600. Amepoteza shilingi 100 kwa kila kreti. Lakini mzee wa mtumbwi na kilo zake 5.2, aliyepata 1,000, sasa anapata 1,248. Nimeifanya hesabu mara kadhaa: mpaka ni kilo 30. Aliye juu yake ameumia kidogo, aliye chini yake amefaidika, na kadiri alivyo chini ndivyo alivyofaidika zaidi. Kwa maneno mengine, miezi yote ile bei nzuri ya vyombo vikubwa ilikuwa ikilipiwa na watu wa mitumbwi, wala wenye vyombo hawakujua. Nahodha yule hakuwa mdhulumu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chenye joto la mtu mwingine.

Sikubaliani na wanaosema kijana angeacha mambo maana aliwaumiza wengi. Lakini sikubaliani pia na wanaosema mwenye haki asihesabu matokeo. Alipaswa kuhesabu, na alihesabu, baadaye kidogo. Laiti tungemsaidia kuhesabu kabla, angewaeleza wenye vyombo mwenyewe badala ya kuwaacha waisikie bei kwa karani. Hilo ni kosa letu la pili.

Likabaki deni. Kilo zilizopunjwa hazikwenda mfukoni mwake, na hata angeuza nyumba asingeweza kuzirudisha zote. Lakini zile "za mizani" zilikuwa mkononi mwake: 1,500 kwa miezi 14, shilingi 21,000. Zakayo aliahidi mara nne. Walawi 6 inataka kitu chenyewe na sehemu ya tano juu yake. Tuliona sehemu ya tano inatosha kwa mtu aliyekuja mwenyewe kabla hajashikwa: 21,000 na 4,200, jumla 25,200.

Hapo mke wa mchungaji, ambaye hakuwa mjumbe wa kikao, alipitisha chai akauliza: na fungu la kumi la hizo fedha? Tukatazamana. Shilingi 2,100 zilikuwa zimeingia kanisani, na pengine zimekwisha kununua waya wa spika. Mweka hazina alisema sadaka hairudishwi. Mathayo 5 inasema iache mbele ya madhabahu ukapatane kwanza, lakini hii haikuachwa mbele ya madhabahu, ilikwisha kuliwa na madhabahu. Mjadala ulikuwa mkali kuliko ule wa Naamani, jambo linalosema kitu juu yetu. Mwishowe kanisa lilitoa 2,100, na ndiyo iliyokuwa malipo ya kwanza.

Nani alipwe? Alirudi kwenye nakala za daftari, akachagua kila aliyepimiwa chini ya kilo 10, akawagawia hao. Wenye vyombo hawakupata. Aliwaeleza sababu, wengine wakaelewa. Kila mwezi analipa kidogo. Wengine walikataa kupokea, mmoja akasema ampe mkewe badala yake, ndiye aliyekuwa akigombana naye kuhusu hela za samaki.

Wapemba wawili walikuwa wamekwisha kurudi kwao kusi ilipoanza. Fedha zao alizifunga kwenye bahasha, akaziweka juu ya kabati. Walipokuja tena msimu mpya, aliwafuata pale wanapotia dau lao, akawaeleza. Mkubwa wao alihesabu noti, akazikunja, akazitia kwenye kibindo bila neno. Kisha akaichukua ile kreti ya buluu, akaitundika mwenyewe kwenye mizani, akarudi nyuma hatua moja na kuufinyia macho mshale mpaka ulipotulia.

"Haya," akasema, "tia samaki."